Kiti cha nane: nilivyotetea muundo wa kipindi changu

Watu watatu, kwa nyakati tofauti, walinishauri nijitumie bahasha iliyofungwa yenye wazo la kipindi changu cha televisheni na nisiifungue hadi siku ya mahakamani. Ushauri huo ulinipotezea miezi, na bado unaniudhi. Bahasha huonyesha tu kwamba karatasi fulani ilikuwapo tarehe fulani. Haiigusi kanuni iliyomo katika kifungu cha 9 cha mkataba wa kimataifa wa haki miliki uitwao TRIPS, kwamba hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoelezwa, wala si wazo lenyewe.

Kipindi changu kilihusu watu saba wasiofahamiana wanaokarabati nyumba moja, huku kila wiki mmoja wao akiondolewa kwa kura za wenzake na kumkabidhi mshiriki anayemtaka ufunguo wa chumba alichokikarabati. Kampuni moja ya uzalishaji ilipokea mwongozo wangu, ikaukataa, na baada ya mwaka mmoja ikarusha kipindi kilichonifanya nisimame mbele ya televisheni.

Barua yangu ya kwanza niliiandika kwa hasira. Nilidai kwamba wameiba wazo la ukarabati na kura za mchujo, nami nikajibiwa kwa ukurasa mmoja tu: wageni kuishi pamoja ni jambo la kawaida, kura ni za kawaida, na hata Hughie Green, mtangazaji wa Uingereza aliyedai kwamba kipindi chake cha vipaji kilinakiliwa, alishindwa mwaka 1989 katika rufaa yake dhidi ya shirika la utangazaji la New Zealand, kwa kuwa jina la kipindi, misemo yake na kifaa cha kupimia makofi havikuwa na umbo thabiti la kutosha kuitwa kazi moja ya tamthilia. Iliniuma kukubali kwamba, kwa jinsi nilivyokuwa nimeiandika barua ile, wao ndio waliokuwa na hoja.

Wakili wangu ndiye aliyenielekeza kwenye kesi ya vipindi viwili vya televisheni, Survivor dhidi ya Big Brother. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Uholanzi ilikubali kwamba muundo wa Survivor, kwa mchanganyiko wa vipengele vyake 12, unaweza kulindwa, ingawa Big Brother haikuonekana kuunakili. Nilipousoma uamuzi huo nilielewa kwamba nisihangaike na kipengele kimoja kimoja, bali nionyeshe mpangilio mzima.

Kwa hiyo niliketi na saa mkononi, nikatazama kila sehemu mara tatu, nikachora jedwali la safu mbili: dakika ambayo ufunguo unakabidhiwa, maneno ya mtangazaji kabla ya kura, nani anaongea kwanza baada ya matokeo. Usiku wa nne niliona kiti. Katika rasimu yangu ya awali washiriki walikuwa wanane. Nilipowapunguza kuwa saba nilisahau kufuta kiti kimoja katika mchoro wa ukumbi. Na pale kwenye skrini walikuwapo washiriki saba wakiwa wamezunguka meza yenye viti vinane, kile kitupu kikiwa kando ya dirisha, mahali pale pale nilipokichora. Nilikisimamisha kipindi, nikauweka mchoro wangu kando ya skrini na kupiga picha. Kosa lililonakiliwa halithibitishi kwamba hakimiliki imevunjwa, lakini huzima kabisa dai la kwamba hawakuwahi kuuona mwongozo.

Jambo jingine lililonisaidia lilikuwa barua pepe fupi niliyowaomba ndani yake waitunze kazi yangu kama siri, nao wakajibu kwa neno moja, “Sawa.” Neno hilo lilitufungulia dai la pili, la kuvunja usiri, ambalo halitegemei hakimiliki hata kidogo.

Hatukufika mahakamani. Waliweka jina langu katika orodha ya waandaaji kuanzia msimu wa pili, na malipo yalitosha kumlipa wakili na kunibakizia muda wa kuandika mwongozo mwingine, ambao safari hii sikuutoa mkobani kabla mkataba wa usiri haujatiwa saini.