Mlalo unaenda na kurudi siku hiyohiyo, nimefanya

Mlalo ni mji mdogo kule juu kwenye milima ya Usambara, mkoani Tanga, unapanda kutokea Lushoto. Wote niliowauliza pale Lushoto jibu lao lilikuwa moja, Mlalo ukienda unalala, jina lenyewe si unalisikia? Mimi Jumapili nilitakiwa niwe njiani kurudi Dar, na Mlalo nilishaapa lazima nifike.

Ijumaa nilimsikiliza jamaa mmoja wa gesti, eti amka taratibu, kunywa chai, gari zipo. Nikafika stendi saa tatu. Saa nne, saa tano, saa saba, kila nikimuuliza mpiga debe anasema inakuja hiyo. Mpaka mama muuza ndizi akanionea huruma, akasema mwanangu, gari za Mlalo zinalala hukohuko, zinashuka alfajiri, zinapanda mchana, ukipanda hiyo utafika jioni na ya kukurudisha ni kesho asubuhi. Yaani ratiba ni ya mtu wa Mlalo anayekuja mjini, sio yako wewe. Sasa yule jamaa alishindwa nini kuniambia hivyo?

Jumamosi nikapanda bodaboda kabla hakujakucha, elfu 20 na kitu kwenda tu. Vaeni koti jamani, msitu wa Magamba ukungu ulikuwa umelala barabarani kabisa, vidole viliganda hadi zipu ya begi ikanishinda. Ila ukitokea kule juu ukaona bonde lote liko chini yako, mto Umba, nyumba za udongo za ghorofa zenye vibaraza vya mbao zimepangana mteremkoni, unasahau baridi. Nimezunguka wee, hadi kwenye misheni ya Kilutheri ambayo Wajerumani waliianza 1891.

Kurudi sasa. Boda nilishamruhusu aondoke, maana mchana niliona Fuso zinapakia kabichi na karoti, na mboga za Dar haziwezi kulala njiani, lazima ziwahi soko la alfajiri, na njia yao ni hiyohiyo ya Lushoto. Usianze na dereva, anza na utingo. Nilimshikia kamba akifunga turubai, tukapiga stori, yeye mwenyewe akamwambia dereva, bosi, huyu mgeni wetu tunaenda naye. Nikakaa katikati yao, miguuni kiroba cha karoti bado zina tope, kabini nzima inanukia udongo mbichi. Nikatoa elfu 5, utingo akanirudishia 2 na karoti za kubeba.

Magharibi niko gesti, jamaa ananiuliza, kwani hukwenda tena? Nikampa karoti mbili.