Mchungaji anayemcha Mungu, kanisa linapata nini hasa?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Hili jambo limenikaa moyoni muda sasa, leo nimeona niliandike tu. Siku hizi tukimsifia mchungaji utasikia yule anahubiri bwana, ana upako, ukumbi unajaa mpaka watu wanasimama nje, video zake zinasambaa kila kona. Sawa, kuhubiri vizuri ni karama na mimi mwenyewe napenda sana neno lililoandaliwa. Ila mi naamini faida kubwa ya mchungaji mcha Mungu haionekani sana Jumapili pale madhabahuni, inaonekana katikati ya wiki, kwa mtu mmoja mmoja, na mara nyingi wengine hata hatujui kama kuna kitu kimefanyika.

We soma 1 Timotheo 3 taratibu uone Paulo anataka mtu wa namna gani. Asiye na lawama, mume wa mke mmoja, mwenye kiasi, mkaribishaji, asiwe mlevi wala mpiga watu, awe mpole, asipende fedha, nyumba yake aisimamie vizuri, na watu wa nje wamshuhudie mema. Katika yote hayo kinachohusu uwezo wa kazi ni kimoja tu, ajue kufundisha. Mengine yote ni tabia! Maana waumini hawasikii tu anachosema, wanaangalia anavyomjibu mkewe, anavyoongea na mtu aliyemkosea, anavyolipa madeni yake. Petro naye anawaambia wazee wawe vielelezo kwa kundi, wasijifanye mabwana. Mchungaji akiomba msamaha mbele ya watu kwa neno baya alilolitoa kwenye kikao, hapo kanisa zima limefundishwa msamaha kuliko semina ya wiki nzima.

Kuna dada mmoja kanisani kwetu alifiwa na mume. Msibani tulikuwa wengi, kwaya, maombi, chakula, kila mtu yupo, halafu kama kawaida baada ya mazishi tukatawanyika kila mtu na mambo yake. Mchungaji akaendelea kwenda, yeye na mke wake. Hakuwa na maneno mengi, anasoma zaburi, wanakaa kimya kidogo, anauliza watoto wanaendeleaje na shule, na likiwepo hitaji analipeleka kwa wazee wa kanisa bila kulitangaza. Kilichomgusa zaidi yule dada ni kwamba ile tarehe ya kifo mchungaji aliiandika kwenye kidaftari chake kidogo, mwaka ulipozunguka asubuhi hiyo hiyo simu ikaita, ni yeye, kasema tu nimeikumbuka siku ya leo, naomba tuombe. Dada anasema kuna kipindi alikuwa anakaribia kuacha kabisa kuja ibadani, kilichomzuia ni kujua kuna mtu anamwangalia kwa jema. Hiyo huwezi kuipata kwenye video.

Na ndicho Mungu alichowadai wachungaji wa Israeli kwenye Ezekieli 34. Aliwauliza mbona wagonjwa hamkuwatia nguvu, waliovunjika hamkuwafunga, waliopotea hamkuwatafuta, mnajilisha wenyewe tu. Ukiigeuza ile orodha unapata kazi yote ya mchungaji mwema, na ukiangalia vizuri kila kitu pale kinahitaji awajue kondoo, huwezi kumfunga jeraha mtu usiyejua ameumia wapi.

Paulo alipowaita wazee wa Efeso kule Mileto, Matendo 20, anawakumbusha kuwa miaka mitatu usiku na mchana hakuacha kumwonya kila mtu kwa machozi, na alifundisha hadharani na nyumba kwa nyumba. Kila mtu! Kuonya ni kazi ngumu jamani, maana anayeonywa anaweza kununa akahama kanisa na sadaka yake akaenda nayo. Mchungaji anayemwogopa Mungu ataenda tu, atamwambia kijana hayo mahusiano yatakuharibu, atamwambia tajiri wa kanisa umewadhulumu wafanyakazi wako. Anayetafuta umaarufu atanyamaza, na ule unyamavu kondoo ndo wanaulipia.

Kwenye hela sitaongea sana, ila soma 2 Wakorintho 8 uone Paulo alivyokuwa makini na ule mchango wa watakatifu, akawatuma na ndugu wengine ili mtu asije akawalaumu. Mtume mzima! Kanisa ambalo sadaka inahesabiwa na watu zaidi ya mmoja na hesabu zinasomwa mbele ya waumini lina amani ambayo mengine wanaitafuta kwa mafungo.

Mtu mwingine ninayempenda ni Richard Baxter, alikuwa mchungaji Kidderminster kule Uingereza karne ya 17, mtu wa kuumwaumwa maisha yake yote. Parokia yake ilikuwa na familia zaidi ya 800. Yeye na msaidizi wake Jumatatu na Jumanne walikaa na familia moja moja, kama 15 kwa wiki, wanawafundisha imani na kuwauliza hali ya roho zao, ili mwaka ukiisha wawe wamepitia zote. Mwenyewe aliandika kwamba alipofika, mtaa mzima ungekuta labda familia moja inayomwabudu Mungu nyumbani, alipokuja kuondoka kulikuwa na mitaa ambayo upande mmoja wa mtaa hukuti zaidi ya familia moja isiyofanya hivyo. Kanisani ilibidi waongeze roshani tano ili watu waenee. Alikuwa mhubiri mkali pia, lakini alisema wapo watu waliosikiliza mahubiri miaka mingi bila kuelewa, wakaja kuelewa kwenye maongezi ya nusu saa.

Sasa na sisi tuna sehemu yetu. Waebrania 13:17 tunaipenda kuinukuu ile ya kuwatii viongozi, ila mwisho wake unasema wafanye kazi kwa furaha wala si kwa kuugua, maana isingetufaa sisi. Yaani mchungaji akichoka na kuvunjika moyo hasara ni ya kwetu. Basi tumpe ujira wake inavyostahili, tumwache apumzike na familia yake, tusipokee maneno juu yake bila mashahidi wawili watatu kama 1 Timotheo 5 inavyosema, na kama mashahidi wapo basi lisifichwe, maana hapo hapo imeandikwa wanaodumu dhambini wakemewe mbele ya wote. Na wiki hii kabla hujampelekea shida yako nyingine, mtumie mesej umuulize yeye anahitaji kuombewa nini.