Kilo 750 ni za jiwe: nilivyohesabu hewa ukaa ya chokaa yetu Lubumbashi

Mwanzoni mwa 2025 mteja wetu mkubwa, mgodi mmoja wa shaba na kobalti, alitutumia faili la Excel lenye mistari arobaini na miwili ya kujaza. Mstari wa mwisho ndio uliobeba swali lenyewe: kila tani ya chokaa mnayotuuzia inatoa kilo ngapi za hewa ukaa mpaka inapotoka langoni kwenu? Tulipewa wiki sita.

Sisi si kampuni kubwa. Tuna matanuru mawili kwenye barabara ya Likasi, wafanyakazi thelathini na kitu, malori matatu na jenereta moja inayokula mazutu, yaani dizeli, kuliko inavyostahili. Chokaa yetu si ya kupaka nyumba. Migodi inayoyeyusha madini kwa asidi ya salfa huitumia kuua ukali wa asidi hiyo. Mimi ni mhasibu. Bosi aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akasema, "Papa, wewe njo mwenye hesabu. Basi hesabu na hiyo." Kabla ya hapo alikuwa amemuuliza mshauri mmoja wa mjini bei ya kazi hiyo, na bei aliyotajiwa ilitosha kununua jenereta nyingine.

Siku tatu za kwanza nilizipoteza kwa woga. Nilikuwa nimesikia redioni kuhusu ushuru wa kaboni ambao Umoja wa Ulaya umeuweka mipakani mwake, nikadhani ndio uliotufikia. Nikakesha nikisoma. Kumbe ushuru ule unahusu saruji, chuma, aluminiamu, mbolea, haidrojeni na umeme. Chokaa haimo, na shaba na kobalti hazimo. Kinachotugusa ni kanuni nyingine ya Umoja huo, ile ya betri ya mwaka 2023, inayotaka betri za magari ya umeme zitangaziwe hewa ukaa iliyotoka katika kuzitengeneza. Mtengeneza betri anamuuliza msafisha kobalti, msafisha kobalti anauliza mgodi, mgodi unatuuliza sisi. Swali linashuka ngazi kwa ngazi, na chini yetu hakuna wa kuulizwa tena isipokuwa jiwe.

Kwa hiyo nilianza na jiwe. Mawe tunayochoma ni kaboneti ya kalisi. Kilo 100 za jiwe safi zikichomwa zinabaki kilo 56 za chokaa, na kilo 44 zinapaa zikiwa hewa ukaa. Ukipiga hesabu hiyo kinyumenyume, tani moja ya chokaa safi imekwisha kutoa kilo 785 hata kabla hujahesabu kuni, makaa wala mafuta. Kwa kuwa chokaa ya kiwandani haiwi safi kabisa, mwongozo wa mwaka 2006 wa IPCC, jopo la wanasayansi wa tabianchi, unaruhusu kuandika 750. Nikaandika 750.

Nilimweleza mzee wa tanuru, aliyeanza kuchoma chokaa kabla mimi sijaanza shule. Akanisikiliza mpaka mwisho, mikono mgongoni.

"Kwa hiyo hata tukichoma kwa jua, hiyo hewa itatoka?"

"Itatoka, Mzee."

"Basi deni ni la jiwe. Si langu."

Kisha akauliza jambo ambalo mshauri wa mjini asingeliuliza: je, chokaa iliyopakwa ukutani hairudishi hewa ile? Inarudisha. Ukuta wa nyumba ya zamani kule mtaa wa Kamalondo umeinywa polepole miaka yote hiyo, ndiyo maana chokaa yake imegeuka ngumu kama jiwe. Lakini chokaa yetu haiendi ukutani. Ikikutana na asidi ya salfa inageuka jasi, na hewa iliyopaa haina pa kurudi. Mzee hakufurahi.

Jiwe lilinichukua mchana mmoja, na makaa ya mawe yakanichukua wiki mbili. Makaa yetu yanatoka Hwange, Zimbabwe, yanavuka Zambia yote kwa lori na kuingilia mpaka wa Kasumbalesa. Kwenye makaratasi kila lori lina uzito, lakini hapa kwetu hakuna aliyewahi kuupima tena. Wakati wa mvua makaa yanafika yamelowa, nasi tunalipia maji kwa bei ya makaa. Malipo mengine yalifanywa taslimu, na risiti imeandikwa "makaa, lori 1", basi. Nilitafuta njia ya pili nikaikuta kwenye daftari la mzee wa tanuru, ambamo kila zamu huandika idadi ya toroli za makaa zilizoingia motoni. Tukapima toroli kumi kwa mizani ya magunia, tukachukua wastani, tukazidisha. Hesabu ya risiti na hesabu ya toroli zikatofautiana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Bosi alitaka ile ndogo. Nikamwambia wakituma mkaguzi ataomba daftari kwanza, na daftari linasema kubwa. Tukaandika kubwa: kilo 182 za makaa kwa kila tani ya chokaa. Kwa vizidisho vya IPCC tani moja ya makaa ya aina hiyo hutoa kama tani 2.44 za hewa ukaa, kwa hiyo upande wetu zikawa kilo 444.

Hapo ndipo kijana wetu wa mauzo, ambaye huniita Yaya, yaani kaka mkubwa, alipokuja na wazo lake. "Yaya, si tuchome tu kuni? Nimesoma, kuni zinahesabiwa sifuri." Na alikuwa hajakosea. Katika hesabu hizi hewa ya kuni huandikwa kando, haiingii kwenye jumla, kwa sababu mti unadhaniwa utaota tena na kuivuta. Namba yetu ingeshuka kwa zaidi ya theluthi moja kwa kubadilisha moto tu. Nilimwomba asimame nami barabarani alfajiri, baiskeli za makala, yaani mkaa wa miti, zinapoingia mjini, kila moja na magunia yaliyopita kichwa cha msukumaji. Nikamwomba akaulize zinatoka umbali gani sasa, na zilitoka umbali gani alipokuwa mtoto. Miombo iliyozunguka Lubumbashi haioti kwa kasi ya jiji hili, sembuse kwa kasi ya matanuru mawili yasiyolala. Bosi alikubali tubaki na makaa ya mawe, ingawa sababu yake ilikuwa nyingine: kuni zinaleta joto lisilotulia na chokaa inatoka na moyo mbichi. Sikumbishia. Jibu lilikuwa lilelile.

Mazutu yalikuwa mepesi kuhesabu kwa kuwa pampu yetu ina mita: lita 12 hivi kwa tani ya chokaa, kilo 2.68 kwa lita, jumla kilo 32.

Umeme ndio ulionitoa jasho, nami nilidhani ungekuwa rahisi kuliko yote. Ankara zetu ni za SNEL, shirika la umeme la taifa, na umeme wa SNEL karibu wote ni wa maji: Inga, ambayo umeme wake unasafiri kama kilomita 1,700 mpaka Kolwezi kwa njia iliyoanza kazi mwaka 1982, na mabwawa yetu ya Katanga, Nzilo na Nseke juu ya Lualaba, Mwadingusha juu ya Lufira. Nikaandika sifuri na kwenda kulala.

Asubuhi nikakumbuka ankara ya mgodi mmoja niliyowahi kuiona, yenye umeme ulionunuliwa kutoka nje. Nyaya zetu zimeungana na za Zambia, Zambia imeungana na Zimbabwe, na mnyororo unakwenda hivyo mpaka Afrika Kusini, ambako umeme mwingi ni wa makaa ya mawe. Huo ndio muungano wa umeme wa kusini mwa Afrika, SAPP, ulioundwa mwaka 1995, na SNEL ni mwanachama. Taa inapowaka ofisini kwangu hakuna anayejua kama ni Lualaba au ni makaa. Mwaka 2024 ukame ulipolikausha bwawa la umeme la Kariba, na Zambia yenyewe ikaanza kukata umeme kwa watu wake, swali hilo lilizidi kuwa gumu.

Nikampigia simu rafiki yangu tuliyesoma pamoja Chuo Kikuu cha Lubumbashi, sasa yuko Kitwe, Zambia, kwenye kiwanda cha shaba. Kiswahili chake kimeanza kuchanganyika na Kibemba, lakini akili ni ileile. Kumbe naye alikuwa na karatasi mezani, ya mteja mwingine, yenye maswali karibu sawa na yangu. Nikamuuliza wao wanaandika namba gani ya umeme. Akasema, "Ndugu yangu, inategemea nani anauliza."

Akanifafanulia. Kuna kizidisho cha muungano mzima, kilichowekwa chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuuza hati za kaboni, yaani vyeti vya hewa ukaa iliyoepushwa, na Kongo na Zambia zimo ndani yake pamoja na Afrika Kusini. Kinakaribia kilo moja ya hewa ukaa kwa kila kilowati-saa, kwa sababu makaa ya kusini yanaivuta hesabu yote. Anayejenga bwawa dogo au uwanja wa paneli za jua na kutaka kuuza hati anakipenda kizidisho hicho, kwani kadiri umeme wa gridi unavyoonekana mchafu ndivyo hati zake zinavyoongezeka. Anayetangaza hewa ya bidhaa yake anakikimbia na kushika namba ya nchi yake, ambayo kwetu ni karibu na sifuri. Waya ni uleule, na kila mmoja anausomea namba anayoitaka.

Kwangu tofauti ilikuwa ndogo. Mashine yetu ya kuvunja mawe na feni zinatumia kama kilowati-saa 40 kwa tani, kwa hiyo nilikuwa nabishania kilo 40 ndani ya kilo elfu na ushei. Kwake yeye ni maisha. Kuitoa shaba kwenye asidi kwa umeme kunahitaji kama kilowati-saa 2,000 kwa kila tani, kwa hiyo namba moja inampa karibu tani mbili za hewa ukaa na nyingine inampa karibu sifuri, kwa shaba ileile. Aprili 2022 nchi zetu mbili zilisaini mjini Lusaka makubaliano ya kushirikiana katika mnyororo wa betri. Betri hiyo ya pamoja itaandikiwa umeme wa nani?

Hatukungoja mawaziri. Tulikaa kwenye WhatsApp Jumapili mbili na kuandika ukurasa mmoja wa maelezo ya namna ya kuhesabu, wenye maneno yaleyale kwake na kwangu: tunatoa namba mbili, ya nchi na ya muungano, saa za jenereta tunazitenga, wenye mkataba wa umeme wa nje wanaandika kiasi na chanzo, ankara za miezi kumi na miwili zinaambatanishwa. Yeye aliutuma kwa Kiingereza, mimi kwa Kifaransa. Majibu yangu yakawa kilo 1,226 kwa namba ya nchi, na 1,266 kwa namba ya muungano.

Katikati ya hayo alijitokeza bwana mmoja mwenye suti, akitaka tununue hati za miti ili "tuwe sifuri". Nilimwonyesha mistari yote arobaini na miwili, nikamwomba anionyeshe mstari wa kuandika miti yake. Haukuwepo. Mteja aliuliza kinachotoka kwenye tanuru, hakuuliza tulichonunua kwa mwingine. Soko la kaboni lina kazi yake, na Kongo imeliundia mamlaka ya kulisimamia tangu 2023, lakini haikuwa kazi ya karatasi ile.

Tulituma siku mbili kabla ya mwisho. Wiki iyohiyo au iliyofuata, Februari 2025, serikali ikasimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, tukadhani karatasi yetu imezikwa. Shaba iliendelea kutoka, na mwezi mmoja baadaye mteja akauliza maswali matatu, yote matatu kuhusu makaa. Kuhusu umeme hakuuliza lolote.

Maswali hayo ndiyo yaliyotufungua macho. Kwa nini kilo 182, wakati wengine wanatumia chini ya hapo? Mzee wa tanuru alijua jibu siku zote, hakuna aliyemuuliza. Mawe yetu yalikuwa yanaingia makubwa kwa madogo. Madogo yanaziba njia ya hewa, makubwa yanabaki mabichi katikati, na ili yaive anaongeza toroli. Tukanunua chekecho, tukaanza kutenganisha mawe kwa ukubwa, tukaziba nyufa za matofali ya tanuru la pili. Gharama yote ilikuwa chini ya bei ya yule mshauri. Makaa yakashuka hadi kilo 161 kwa tani.

Mlinzi wa usiku sasa ana daftari: umeme umeondoka saa ngapi, jenereta imewashwa saa ngapi, mita inasoma ngapi. Karatasi ya mwaka huu imeshafika, nayo ina mistari hamsini na moja. Rafiki yangu wa Kitwe alinipigia kabla sijamaliza kuifungua. Yake imekuja na swali jipya, la chanzo cha umeme mwezi kwa mwezi, na yangu vilevile.

Kila Ijumaa mzee wa tanuru hupita mlangoni kwangu kuuliza tumefika ngapi. Nikianza kumsomea jumla ananikata: "Hizo mia saba na hamsini ni za jiwe. Nisomee zangu."

Namsomea zake.