Kijana aliyekaa mara moja

New York, Julai 2021

Leo mimi na dada tumekwenda jumba la makumbusho la Metropolitan kuziwahi picha za Alice Neel kabla hazijateremshwa Agosti mosi. Neel alizaliwa 1900, akafariki 1984, na karibu umri wake wote alichora watu: majirani wa Harlem, mtaa wa watu weusi na Walatino hapa New York, wanaharakati, wajawazito, wagonjwa wa kifua kikuu. Watazamaji sote tulikuwa na barakoa, kwa hiyo nyuso zilizokuwa wazi mpaka kidevuni ni zile za ukutani tu. Nikajikuta nakodolea midomo. Mwaka mzima tumeonana macho!

Watu waliisonga picha ya Andy Warhol, msanii maarufu wa Marekani aliyewahi kupigwa risasi, kifua wazi, macho kayafumba, makovu ya risasi za 1968 yamemkata tumbo. Picha kali, sikatai. Ila Warhol alikuwa na njia nyingi za kukumbukwa.

Mimi nilinasa kwa James Hunter. Mwaka 1965 kijana huyu mweusi alikuwa ameitwa jeshini, vita vya Vietnam, na Neel akamwomba akae achorwe. Siku hiyo ya kwanza alimaliza uso na mkono ulioegemeza kichwa. Mwili uliobaki ni mistari tu juu ya turubai tupu. Kikao cha pili kijana hakutokea. Neel akaitia picha sahihi kwa nyuma, akasema imekwisha, na 1974 akaipeleka kwenye maonyesho yake makubwa pale Whitney, jumba jingine la makumbusho la New York. Kwangu mimi hapo ndipo ufundi wake ulipo. Shati angeweza kulijazia kwa kubuni, fundi kama yeye anajua shati linavyojikunja. Hakubuni. Mwili ulishachukuliwa na serikali, yeye akaacha pengo lake palepale. Na uso ule hauombi huruma. Umechoka tu, kama wa mtu aliyekwisha kuambiwa tarehe.

Dada naye aligandia kwa Carmen, mwanamke wa Haiti aliyekuwa akimfanyia Neel usafi, anamnyonyesha mwanawe Judy. Ni ya 1972. Dada alianzia maisha ya huku kwa kazi za ndani, na anazijua nyumba zenye picha ya mbwa sebuleni lakini ya mfanyakazi hamna.

"Mdogo wangu," akaninong'oneza, "siku ya kukaa hivi ilihesabiwa kazini?"

Sikuwa na jibu. Tangu hapo kila picha naitazama nikijiuliza nani alikuwa na nafasi ya kukaa saa nzima bila kufanya kitu.

Picha za miaka ya 1930 nilizipita haraka, zina giza mno kwangu.

Neel mwenyewe yumo pia, na miaka yake 80, kama alivyozaliwa, kwenye kiti cha mistari ya buluu: miwani usoni, brashi mkononi, wala haoni haya. Dada akamwangalia juu mpaka chini, akajifunga mtandio vizuri.

"Mimi nikifika themanini," akasema, "hata daktari atanibembeleza."