Kuchoma pembe za ndama: funga duara

Ndama wa Friesian au Ayrshire akifikisha wiki mbili, papasa pande mbili za utosi. Utagusa kivimbe kigumu kinachocheza na ngozi. Hicho ni kichipukizi cha pembe, na mpaka wiki ya nane hivi hakijashikana na fuvu. Kichome wakati huo. Ukingoja miezi sita au zaidi, uwazi ulio ndani ya fuvu huanza kuingia kwenye pembe, na ukikata unafungua kichwa: damu inaruka, nzi wanataga, funza wanafuata.

Ganzi kwanza, na wengi huiruka. Tumia lignokaini ya asilimia 2, mililita 5 kila upande. Fuata kwa kidole ukingo wa mfupa unaotoka kona ya nje ya jicho kwenda kwenye pembe; sindano iingie katikati ya njia hiyo, chini kidogo ya ukingo. Vuta bomba nyuma kabla ya kusukuma dawa; ukiona damu, hamisha sindano. Subiri dakika 10, kisha dunga ngozi iliyo kando ya kichipukizi. Akirusha kichwa, bado. Ganzi huisha ndani ya saa chache lakini kidonda kinaendelea kuuma, kwa hiyo mwombe daktari wa mifugo ampe pia meloksikamu, miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito.

Chuma kiwe chekundu, na mdomo wake uwe na tundu la kumeza kichipukizi chote. Bonyeza huku ukizungusha, sekunde 10 hadi 15, mpaka duara la rangi ya shaba lionekane pande zote. Hapa ndipo kazi inapoharibika. Palipobaki pengo, hata dogo, pembe huota tena, fupi na iliyopinda, na mara nyingine huelekea jichoni. Chuma kilichopoa ni kibaya zaidi: unakandamiza muda mrefu, joto linashuka mpaka kwenye ubongo.

Dawa kali ya kupaka, inayounguza kichipukizi badala ya chuma, inafaa siku za kwanza za ndama tu. Zungushia mafuta ya mgando, mkinge na mvua isitiririke machoni, na usimrudishe kwa mama yake siku hiyo, maana itaunguza ulimi na kiwele. Mimi siipendi kwa ndama anayenyonya.

Anayechoshwa na haya yote atafute mbegu ya dume asiye na pembe kwa asili. Tabia hiyo ni tawala, yaani hujitokeza hata ikirithiwa kwa mzazi mmoja: dume aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu huipitisha kwa takriban nusu ya ndama wake.