Viola Davis kaniliza tena

Jana usiku nimerudia kuangalia Fences, ile muvi ya Viola Davis na Denzel Washington, jamani ile sehemu analia mbele ya mume wake mpaka kamasi zinatoka na wala hajifuti, nimelia nae kabisa. Kumbe huyo huyo Rose, yule mke anayemuigiza humo, alishamcheza jukwaani Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo New York, 2010 akapata Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani, halafu 2017 akaja kubeba Oscar kwa mwanamke yuleyule! Na huyu ni mtu kakulia umaskini wa kulala njaa kule Rhode Island. Kwenye muvi ya Doubt ya 2008 katokea dakika chache tu na bado akateuliwa kugombea Oscar. Mi naona jukwaa ndo lilimpika, maana pale hakuna kurudia sini, ukikosea umekosea. Nampenda sana huyu mama.