Siku moja wodini: hapa dawa hutangulia majibu

Saa 1 asubuhi. Napokea zamu. Usiku ameletwa binti anayevuja damu kwenye fizi, mapaja yana michubuko na hakumbuki kujigonga popote. Pale alipotobolewa kutafuta mshipa bado panavuja, pamba imelowa.

Saa 2 na nusu. Sisubiri karatasi, nashuka maabara. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ni 14,000 kwa mikrolita. Mtu mzima huanzia 150,000. Mtaalamu ananisogezea hadubini: "Dokta, hebu angalia hii." Seli changa zimejaa punje za zambarau, na moja ina vijiti vyembamba vimelaliana kama mzigo wa kuni. Kwa vijiti hivyo, karibu nina hakika: lekemia kali ya promielositi, aina ya saratani ya damu. Ni adimu, na inaua kwa haraka, mara nyingi kwa damu kuvujia ubongoni. Ila ikiwahiwa, inapona kuliko lekemia kali nyingine za watu wazima.

Saa 3. Tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A: kapsuli nne sasa, tatu usiku. Madaktari wa Shanghai walichapisha matokeo yake mwaka 1988, na ugonjwa huu ukabadilika kabisa. Kipimo cha jeni, cha kuthibitisha kwamba kromosomu ya 15 na ya 17 zimebadilishana vipande, majibu yake yatachukua siku kadhaa. Tukikuta siyo, tutasimamisha dawa. Tukichelewa, tunaweza kumpoteza leo leo.

Saa 5. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Ni kansa? Niambie tu." Namwambia ndiyo, kisha namwambia na lingine: wenye chembe nyeupe chini ya 10,000 kama binti yake, zaidi ya 9 kati ya 10 hupona wakipata tretinoini pamoja na arseniki. Arseniki isipopatikana, tunatumia kemo, yaani dawa za kemikali za kuua seli za saratani. Inaniuma kwamba bei ya dawa iamue hilo. Anatoka kuwapigia ndugu simu waje kuchangia damu.

Saa 8 mchana. Chembe sahani zimeshaongezwa, navuta uboho kwenye mfupa wa nyonga. Kisha nagandamiza kidonda kwa mkono, muda mrefu, hadi nione pamekauka.

Saa 11 jioni. Nawaandikia wa usiku: apimwe uzito kila siku. Akipata homa, akikosa pumzi au uzito ukipanda, huenda ni madhara ya tretinoini: deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, miligramu 10 mara mbili kwa siku, ianze papo hapo. Sindano za msuli marufuku. Kichwa kikimuuma, nipigiwe simu saa yoyote.